Oga Kwanza: Wimbo Ulionasa Sauti ya Mke Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeketi juu ya mashine ya kufulia, nyumbani kwangu Merrylands, gitaa la besi mapajani, nikijaribu kuokoa wimbo ambao ulikuwa umewashinda watu wanne wazima.

Kwa aliyekosa, namfupishia. Mimi ni Stambuli, mtu wa Tanga, dereva wa foklifti kwenye ghala la vyakula hapa Sydney. Nje ya kazi nilikuwa mpiga besi wa Kutu, bendi ya muziki wa rock ambayo kwa miaka mingi ilijulikana na majirani tu, nao hawakuitaja kwa wema.

Gitaa la solo alilipiga Muriuki, Mkenya wa Parramatta, mtaalamu wa kompyuta. Dramu alizipiga Cherotich, mwanamke anayetunza wazee kwenye makao yao huko Mount Druitt. Mwimbaji alikuwa Maxwell, mwenye koti la ngozi asilolivua hata wakati wa joto.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Serikali ilikuwa imemfungia kila mtu kwenye eneo lake, kwa hiyo kila mmoja wetu alirekodi kipande chake nyumbani, akamtumia Muriuki aviunge.

Safari hii tulikuwa na nafasi ya kweli. Redio ndogo ya mtaa wetu ilikuwa na kipindi cha Kiswahili cha Jumamosi asubuhi, na mtangazaji wake, Mrundi mmoja mchangamfu aitwaye Ninahazwe, aliahidi kuupiga wimbo wetu mpya tukiuwahisha.

Wimbo wenyewe ulitokana na mateso yangu. Mke wangu, Suad, anafanya kazi duka la dawa, na virusi anavijua vizuri. Aliposikia ghalani kwetu kuna mgonjwa, akapitisha sheria: hakuna nguo ya kazini itakayovuka mlango wake. Nikawa navua nguo uani, nyuma ya shuka iliyoanikwa kwenye kamba, katika baridi ya Julai, kisha naingilia chumba cha kufulia nioge ndipo nifunguliwe mlango wa ndani.

Siku moja nikiwa natetemeka pale nikajikuta naimba, "Nifungulie mlango, baridi imenishika." Nikaona huo ni wimbo.

Shida ilikuwa Maxwell. Ana sauti kubwa, hilo simnyimi. Lakini kila alipoimba "nifungulie", ungedhani anafungua mkutano wa hadhara.

"Mtu akiimbiwa hivyo hafungui," Muriuki aliniambia kwenye simu. "Anasukuma kabati nyuma ya mlango. Buda, wewe ndio ulitunga. Imba kidogo tu, Maxwell asikie hiyo feeling. Halafu nitumie na besi."

Ndiyo sababu mchana ule nilikuwa juu ya mashine ya kufulia. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sabuni, inarekodi. Nikapiga besi, nikaimba kwa sauti yangu ya kukwaruza:

"Nifungulie mlango, baridi imenishika."

Upande wa pili wa mlango Suad alikuwa anakunja nguo. Sikujua. Nilipomaliza mstari, akanijibu. Hakunijibu kwa maneno ya kawaida. Aliimba.

"Oga kwanza, bwana wangu, maji ya moto tayari,
Nguo ziache huko nje, usiniletee shari.
U mbali nakutamani, karibu nakukimbia,
Oga kwanza, bwana wangu, na ndani utaingia."

Vidole vyangu viliendelea kupiga besi vyenyewe. Mimi nilikuwa nimesahau kama nina vidole. Ile sauti ilipanda pale kwenye "u mbali", ikakaa juu kidogo kana kwamba inafikiri, ikateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi akiwa na kanzu ndefu.

Kisha akaacha kuimba, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Hivyo ndivyo watu waimbavyo. Wewe na huyo Maxwell mwapiga kelele kama mwauza samaki. Chakula chapoa."

Inafaa mjue jambo moja kuhusu Suad. Kwao Mombasa wameimba bibi na mama, na yeye pia ameimba, lakini arusini, kwa wanawake wenzake, mlango ukiwa umefungwa. Mwanamume wa kando hakuwahi kusikia sauti ile. Mimi mwenyewe, mumewe, niliisikia kwa kuibia, akimbembeleza binti yetu alipokuwa mchanga.

Niliituma rekodi kwa Muriuki kwa ajili ya besi. Nawaapia, kwa ajili ya besi tu. Nilikuwa na njaa na chakula kilikuwa kinapoa.

Sijamaliza sahani, simu ikaita.

"Stambuli, huyo ni nani?"

Nikatoka nayo uani. "Huyo ni mke wangu. Ifute."

"Siwezi kufuta hii kitu. Nimeisikiza nikasimama. Nilikuwa nimekaa, nikasimama, sijui hata nilikuwa naenda wapi."

"Muriuki, hajui kama nilikuwa narekodi."

"Basi muulize. Akikataa nafuta, haki ya Mungu. Lakini muulize."

Nikaahidi. Na nilijaribu. Jioni ile ile Suad akipiga pasi, nilimwambia, "Mama Imani, kuna jambo nataka kukuuliza."

"Stambuli, leo nimeulizwa maswali na Merrylands nzima," akasema. "Chanjo ipi, barakoa ipi, mtoto apewe nini. Kama lako ni swali, liweke mpaka kesho."

Nikaliweka. Kesho yake alikuwa na maumivu ya kichwa. Keshokutwa mimi ndiye nilikuwa nayo.

Wakati huo huo Cherotich alikuwa anarekodi dramu kwenye gereji yake, amezizungushia magodoro. Akiwa anahesabu ili aanze, mlango ukagongwa, ngo, ngo, ngo. Polisi wawili. Jirani alikuwa ameripoti kwamba kuna watu wanafanya sherehe.

"Nikawaambia sherehe ni mimi peke yangu," Cherotich alitusimulia. "Wakaangalia nyuma ya kila godoro. Halafu yule mrefu akaniambia nipige aone kama nasema ukweli. Nikapiga. Nikamwona mguu wake unacheza."

Ile ngo, ngo, ngo ya polisi ilikuwa imerekodiwa. Muriuki akaikata, akaiweka mwanzoni kabisa mwa wimbo. Kwa hiyo wale mnaoupenda wimbo wetu kwa namna unavyoanza, mjue mnampenda polisi wa Mount Druitt.

Ijumaa, nikiwa juu ya foklifti, ukaingia ujumbe wa Muriuki: "Ninahazwe anangoja wimbo. Nitume na sauti ya madam?"

Nilikuwa na glovu, na mzigo wa mchele umening'inia mbele yangu. Nikaweka alama ya dole gumba. Maana yangu ilikuwa nimeuona ujumbe.

Hapa sitawadanganya. Niliposhusha mzigo na kuvua glovu, nilijua vizuri kwamba dole gumba linaweza kusomwa vingine. Ningeweza kuandika neno la pili. Sikuandika. Nilipandisha mzigo mwingine.

Jumamosi asubuhi Suad alikuwa kazini. Nilifungua redio jikoni, peke yangu.

"Bon, wasikilizaji wapenzi," akasema Ninahazwe, "wimbo hii imenifika jana, na mimi nimeisikiliza nikiwa naosha vyombo, vyombo vyote vikabaki. Ni Kutu, bendi ya hapa hapa Sydney. Inaitwa 'Oga Kwanza'."

Ngo, ngo, ngo. Dramu. Gitaa la Muriuki likaingia na mkwaruzo wa msumeno. Maxwell akaimba mstari wake mmoja, akiwa nje ya mlango, na kwa mara ya kwanza makelele yake yakawa na maana, maana kweli alisikika kama mtu anayeganda.

Kisha Suad.

Muriuki alikuwa ameipitisha sauti yake kwenye spika la gitaa, ikapata kutu kidogo pembeni, lakini ilikuwa yeye. Rock ya kelele ikasimama, ikampisha, kisha ikamrudia kwa nguvu. Nililia, sikatai. Nililia kwa uzuri wa ile sauti, na nililia kwa sababu nilikuwa nimekwisha.

Ninahazwe aliupiga tena kabla ya kipindi kuisha, kwa kuwa simu zilikataa kunyamaza.

Sasa mambo yakaenda mbio. Cherotich akaupiga kwa wazee wake, nao wakataka kunawa mikono kila saa. Manesi wakajirekodi wakisugua mikono kwa kiitikio chetu, picha zikazunguka kwenye simu za watu hadi Nairobi na Bujumbura. Redio kubwa ya rock ya mjini, ya Wazungu, ikaupiga. Mtangazaji wake alilitamka jina la wimbo kama vile ana andazi la moto mdomoni, lakini aliupiga, na kesho yake akaupiga tena.

Kutu, bendi ya majirani, tulikuwa na wimbo unaovuma.

Maxwell akanipigia.

"Stambuli, nimekuwa mgeni kwa wimbo wangu mwenyewe. Mstari mmoja. Mama yangu amenipigia kutoka Kakamega, ananiuliza, wewe ndio yule anabisha mlango tu?"

"Samahani, ndugu yangu."

"Najitoa kwenye bendi."

Nilishtuka, lakini nitawaambia nilichofikiri: akijitoa, labda wimbo utazimika, na kwangu kutakuwa na amani. Hakujitoa. Siku ile ile redio kubwa ilimwita kwa mahojiano, kwa kuwa yeye ndiye mwimbaji. Wakamuuliza, yule mwanamke ni nani?

Maxwell akajibu, "Ni mimi. Nilibana pua."

Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko ghalani niliposikia. Wenzangu wakacheka. Mimi nilimshukuru Mungu. Nikajiambia, Maxwell amenifunika, mambo yamekwisha.

Jioni Suad alirudi, akanawa, akavua viatu, akaketi mezani. Nilikuwa nimemwandalia chai.

"Kuna wimbo wenu waimbwa kila mahali," akasema. "Leo mteja kaniimbia akingoja dawa yake. Mzungu. Aimba 'oga kwanza' hajui maana."

"Ndiyo, Mungu ametujalia," nikasema.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Maxwell amesema ni yeye."

"Nimemsikia redioni pale dukani, na wimbo nao. Mwanamume hawezi kushuka vile kwenye 'nakukimbia'." Akakoroga chai yake. "Namwonea huruma huyo mwanamke, awaye yote. Wamemchukulia sauti yake, na hata jina hawakumpa."

Akanitazama. Macho yalikuwa matulivu kabisa.

Niliwahi kusikia kwamba mtu haitambui sauti yake mwenyewe ikirekodiwa. Nikaliamini jambo hilo kwa moyo wangu wote. Nikanywa chai.

Haukupita muda Muriuki akaleta habari. Jumamosi inayofuata Kutu wataimba moja kwa moja kwenye kipindi cha Ninahazwe, kila mtu kwake, kwa Zoom. Na atakuwepo mtu mwingine mtandaoni: Rufus, wa kampuni ya kurekodi muziki, aliyeusikia wimbo kwenye gari lake na kutaka kuturekodi studioni, rasmi, mji ukifunguliwa.

"Kwa hivyo Maxwell lazima aimbe sauti zote mbili," Muriuki akasema. "Yeye ndio alijiingiza."

"Ataweza?"

"Amenunua kibanio cha nguo."

Jumamosi ikafika. Bahati yangu, Suad hakuwa kazini siku hiyo. Alikuwa jikoni anakaanga mahamri, mlango wazi. Mimi sebuleni, simu nimeisimamisha mbele yangu, gitaa begani. Kwenye kioo cha simu niliwaona wote: Ninahazwe na tabasamu lake, Muriuki na vipokea sauti masikioni, Cherotich katikati ya magodoro, Maxwell na koti lake, na Rufus, mzee mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma, amekunja mikono.

"Bon, tuko hewani," akasema Ninahazwe.

Cherotich akagonga. Muriuki akaingia. Tulikuwa kila mtu anamsikia mwenzake kwa kuchelewa, lakini tulijikongoja. Maxwell akaimba mstari wake wa baridi, vizuri tu. Kisha akabana pua kwa kile kibanio.

Sitaki kumwonea Maxwell. Nitasema tu kwamba ilitoka sauti ya mbuzi mwenye mafua.

Cherotich aliacha kupiga. Nilimwona anainama nyuma ya dramu, mabega yanamtikisika.

"Kaka Maxwell," akasema Ninahazwe kwa upole, "labda maikrofoni yako iko na shida. Tuanze tena, hein?"

Tukaanza tena. Maxwell akafumba macho, akabana zaidi, na safari hii haikutoka sauti yoyote. Rufus akaangalia saa yake. Muriuki akanitazama mimi kupitia kioo kile, na katika maisha yangu sijatazamwa vile.

Jikoni mafuta yakaacha kuchemka. Mtu alikuwa amezima jiko.

Suad akaja sebuleni anajifuta mikono. Akajiweka sawa mtandio, akaketi kando yangu kwenye kochi, ndani ya picha, mbele ya watu wote wale.

"Piga," akaniambia.

Nikapiga. Muriuki akanifuata, Cherotich akaokota fimbo zake. Na Suad akaimba ubeti wote, bila spika la gitaa, bila kutu, sauti yenyewe tupu. Alipofika "u mbali nakutamani" hakuwa anatutazama sisi. Maxwell alifungua macho. Kile kibanio cha nguo kilikuwa bado mkononi mwake.

Kisha Rufus akakunjua mikono, akaanza kupiga makofi, peke yake, huko kwake.

"Dada," akasema Ninahazwe, "ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jina lako, wasikilizaji wakujue."

"Suad." Akanigeukia. Hewani, mbele ya Sydney yote inayojua Kiswahili, mke wangu akanigeukia. "Nilijua siku ile ile dukani, Stambuli. Mtu atakosaje kujua pumzi zake mwenyewe? Nikaja nikaketi nawe, nikakufungulia njia useme. Ukanywa chai."

"Suad, nilitaka kukuuliza."

"Hukuniuliza."

Lilikuwa neno la kweli na lilikuwa fupi.

Muriuki, ambaye najua alikuwa anatamani ardhi immeze na kompyuta yake, akakohoa. "Madam, mimi pia naomba msamaha. Nilidhani umekubali. Lakini Rufus anauliza, na mimi namtafsiria tu: ungekubali kuirekodi studio? Ukikataa tunauondoa wimbo kila mahali leo leo."

Suad akafikiri. Nilimsikia anavyopumua.

"Umeshasikika," akasema. "Siwezi kuurudisha tumboni. Basi na usikike vizuri, kwa maana hapo mstari wa pili siku ile nilikuwa nimebeba mataulo. Na jina langu liandikwe. Nitaimba."

Cherotich akapiga toazi moja kwa furaha. Maxwell, Mungu ambariki, alikuwa wa kwanza kusema asante. Mimi nikahisi mzigo unanishuka mabegani, nikamshika mkono mke wangu.

Akautoa, taratibu, akauweka kwenye goti lake.

"Nina sharti moja," akasema. "Sitasimama jukwaani na mtu aliyenificha. Mtafute mpiga besi mwingine."

Nilicheka kidogo, nikidhani wengine watacheka. Nikatazama kioo. Muriuki alikuwa anaangalia kibodi yake. Ninahazwe alikuwa ameziba mdomo.

"Mimi naona ni haki," akasema Cherotich.

"Cherotich."

"Ni haki, Stambuli. Pole."

"Ndugu yangu," akasema Muriuki, "tupatie dakika tuongee kama bendi."

"Mimi ni bendi," nikasema.

Suad aliinuka, akachukua simu kutoka mahali nilipoisimamisha, akaenda nayo jikoni pamoja na wote waliokuwemo. Nilibaki kwenye kochi na gitaa begani. Nikasikia jiko likiwashwa, mafuta yakianza tena kuchemka, na sauti ya Muriuki ikitoka kwenye simu yangu mwenyewe, haina aibu hata kidogo.

"Kuna jamaa anaitwa Kiptoo, anakaa hapa Parramatta. Kusema ukweli, besi anaijua kumshinda Stambuli."

"Mpigie," akasema mke wangu.